Nia ndiyo uzito wa tendo katika Ubuddha

Mhariri,

Wanaodhani Ubuddha ni kufumba macho na kutafakari tu wanaruka jambo la msingi: nia. Katika Njia ya Sehemu 8, yaani mwongozo wa Buddha wa kuondokana na mateso, nia sahihi ni sehemu ya pili, nayo ni kuachana na tamaa, kutokuwa na chuki na kutodhuru.

Kwa mapokeo ya Theravada, moja ya matawi makuu ya Ubuddha, kanuni ya kutoua huvunjika yakitimia mambo 5: awepo kiumbe hai, mtendaji ajue ni hai, akusudie kuua, afanye jitihada, na kiumbe kife kwa jitihada hiyo. Aliyemkanyaga mdudu gizani bila kujua hajaivunja (uzembe ni suala jingine).

Kwenye sadaka, nia huangaliwa kabla ya kutoa, wakati wa kutoa na baadaye. Wengi huteleza hapo baadaye: hujutia walichotoa, au hungoja sifa.

Msomaji wenu