Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu Utumishi: anayehesabu siku za mashauri ya Serikali

Katibu Mkuu,
Ofisi ya Rais,
Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora,
Mji wa Serikali, Mtumba,
DODOMA.

YAH: NAFASI YA MSAIDIZI WA KUMBUKUMBU ZA MASHAURI KATIKA VITENGO VYA SHERIA

Ndugu Katibu Mkuu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimesajili barua nyingi mno zilizoanza kwa sentensi hiyo kiasi kwamba siwezi tena kuanza kwa nyingine.

Nilistaafu kwa hiari baada ya miaka 27 masjala, na 16 kati ya hiyo niliitumikia katika kitengo cha sheria cha taasisi moja ya umma. Sitaitaja, kwanza kwa sababu nilikula kiapo cha kutunza siri za kazi, na pili kwa sababu ninayoyaeleza nimeyasikia pia kutoka kwa wenzangu wa taasisi nyingine, wenye dawati kama langu na hofu kama yangu. Najua barua ya mtumishi hupitia kwa mwajiri wake. Nilipokuwa kazini niliandika mara mbili kwa utaratibu huo juu ya jambo hili hili, na ninajua barua hizo ziliishia wapi, kwa kuwa mimi mwenyewe ndiye niliyezipa namba za folio, yaani namba ya kila barua ndani ya jalada.

Cheo changu kilikuwa Msaidizi wa Kumbukumbu. Kwa muundo wa utumishi, mtu wa kada hiyo hupokea barua, huzisajili, huziweka katika majalada, huyapeleka majalada kwa wahusika na kuyarudisha kabatini. Kazi hiyo niliipenda. Hata hivyo, tangu siku nilipohamishiwa kitengo cha sheria nilikabidhiwa kazi ya pili ambayo haikuandikwa popote, yaani kuhesabu siku za mashauri. Kila samansi, kila taarifa ya kusudio la kukata rufani na kila amri ya mahakama iliyoingia ilikuwa na tarehe yake ya mwisho, na tarehe hizo niliziandika katika kaunta buku la kwaya nne nililonunua kwa fedha yangu, kisha nikaweka kwenye jalada alama ya BU, yaani "bring up", ili limrudie ofisa sheria siku kumi kabla. Hapakuwa na rejista nyingine. Siku nisipofika kazini kwa sababu ya malaria, mashauri yote ya taasisi yalikuwa yamefungiwa katika mtoto wa meza.

Naomba nieleze tukio moja kwa undani, maana ndilo lililonifundisha kazi. Mwaka mmoja ambao Saba Saba iliangukia Jumatatu, mpeleka samansi alifika ofisini kwetu Ijumaa tarehe 4, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Masjala ilikuwa imefungwa kwa sababu nilitumwa benki. Mlinzi wa getini alipokea, akasaini nakala ya mahakama kwa mkono wake na kuandika tarehe, kisha akaiweka bahasha chini ya chupa ya chai ili isipeperushwe na feni. Jumatatu ilikuwa sikukuu. Jumanne tarehe 8 asubuhi bahasha ilinifikia ikiwa na duara la chai kwenye kona, nami nikafanya kama nilivyofundishwa, nikagonga muhuri wa IMEPOKELEWA wenye tarehe ya siku hiyo.

Ofisa sheria alipolifungua jalada aliuona muhuri wangu, akahesabu siku 21 za kuwasilisha utetezi kuanzia hapo, akapata tarehe 29. Mahakama ilihesabu kuanzia siku ambayo samansi ilipokelewa getini. Siku ya kupokea haihesabiwi, kwa hiyo ya kwanza ilikuwa tarehe 5 na ya mwisho ilikuwa tarehe 25. Utetezi uliwasilishwa tarehe 28, siku tatu nje ya muda, tena yule ofisa akiamini kwamba amewahi kwa siku moja. Muhuri wangu haukusema uongo, kwa maana masjala iliipokea kweli tarehe 8, lakini ulijibu swali ambalo mahakama haikuliuliza.

Tuliomba kuongezewa muda, na kwa bahati tulipewa. Ila nilipewa pia barua ya kunitaka nijieleze kwa maandishi ndani ya siku 7. Hizo sikuzikosea hata moja.

Tangu hapo nilijitengenezea utaratibu wangu. Muhuri wa kupokelea niliuchongesha upya ukiwa na mistari miwili, mmoja wa tarehe iliyopokelewa na taasisi na mwingine wa tarehe iliyopokelewa na masjala, na kila mlinzi mpya nilimweleza, kwa upole na kwa soda, kwamba karatasi yenye muhuri wa mahakama haiwekwi chini ya chupa ya chai. Hakuna chuo kilichonifundisha hayo. Chuo cha Utumishi wa Umma kinafundisha vizuri utunzaji wa kumbukumbu, na Chuo cha Uongozi wa Mahakama cha Lushoto kinatoa astashahada na stashahada za sheria, lakini mtu wa dawati langu anasimama katikati ya vyuo hivyo viwili, akijua jalada bila kujua ukomo, yaani mwisho wa muda ambao sheria inaruhusu, au akijua ukomo bila kujua jalada.

Na ukomo, Ndugu Katibu Mkuu, hauko mmoja. Juu ya meza ile ile utakuta rufani kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu, ambayo ina siku 45; tuzo, yaani uamuzi, ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, ambayo anayetaka iwekwe kando ana wiki sita; na hukumu ya Mahakama Kuu, ambayo taarifa ya kusudio la kuikatia rufani huwasilishwa ndani ya siku 30, nakala yake humfikia mjibu rufani ndani ya siku 14 baada ya kuwasilishwa, na rufani yenyewe hufunguliwa ndani ya siku 60 tangu taarifa hiyo iwasilishwe. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, shauri lililofunguliwa nje ya muda hutupwa hata kama upande wa pili hakulalamika. Mahakama ya Rufani nayo imerudia mara nyingi kwamba anayeomba kuongezewa muda lazima aieleze kila siku aliyochelewa, hata ikiwa ni moja. Maelezo hayo huandikwa na wakili katika kiapo, lakini ushahidi wake hutoka masjala, na mara nyingi ni mstari mmoja tu wa kalamu ya bluu.

Mstari huo ninaufahamu. Katika shauri mojawapo tulihitaji kuonyesha kwamba barua yetu ya kumwomba Msajili wa Mahakama nakala za mwenendo wa shauri na hukumu ilipelekwa ndani ya siku 30 tangu hukumu, na kwamba nakala yake ilimfikia mjibu rufani, kwa maana bila hayo mawili siku zilizotumika kuandaa nakala hizo haziondolewi katika hesabu ya zile 60. Barua ilikuwepo jaladani. Iliyokosekana ilikuwa alama ya kwamba upande wa pili waliipokea. Nilishuka stoo, nikapekua madaftari ya dispachi, ambayo mpokeaji wa barua husaini, yaliyofungwa kwa kamba ya katani, na katika ukurasa ulioliwa pembeni na mchwa nikakuta sahihi, tarehe na muhuri wa ofisi ya mawakili wa upande wa pili. Mchwa wangesogea sentimita mbili zaidi, rufani ya Serikali ingekufa. Dereva aliyepeleka barua ile alikwishafariki, na alikuwa mtu wa kusisitiza kusainiwa hata alipoambiwa kwamba wahusika wako mapumzikoni.

Kuna pia notisi ya siku 90. Kwa Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, anayekusudia kuishtaki Serikali hutoa kwanza notisi isiyopungua siku 90, akieleza msingi wa madai yake. Muda huo ni wa thamani kubwa, kwa kuwa ndani yake Serikali inaweza kuchunguza, kulipa inapodaiwa kihalali, au kujiandaa inapodaiwa isivyo haki. Lakini notisi haiji na tarumbeta. Huja kama barua ya kawaida, pengine imeandikwa kwa mkono na mzee wa kijijini, na msajili wa barua asiyejua anachokitazama huiweka katika jalada la malalamiko ya wananchi, ambako hupata folio yake na kulala. Nimewahi kuikuta notisi ya namna hiyo katika jalada la malalamiko siku ya 83. Zilibaki siku saba za kufanya kazi ya miezi mitatu. Na tangu marekebisho ya sheria hiyo ya mwaka 2020, ambapo shauri dhidi ya taasisi ya umma humuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, siku hizo na zile 21 za utetezi zinagawanywa kati ya taasisi yenye taarifa na Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali yenye mawakili. Jalada likichelewa wiki moja kwetu, ni wiki moja iliyoibwa kwao.

Wapo watakaosema kwamba mifumo ya kielektroniki imeyamaliza haya. Imesaidia, sikatai. Kanuni za mwaka 2018 za kuwasilisha nyaraka mahakamani kwa njia ya elektroniki zilituletea hesabu ya siku inayoishia saa sita usiku, badala ya dirisha la masjala linalofungwa mchana huku karani akikuonyesha saa ya ukutani. Lakini kompyuta humkumbusha yule tu ambaye imeambiwa imkumbushe. Katika kitengo chetu akaunti ilifunguliwa kwa namba ya simu na baruapepe ya ofisa sheria mmoja, kijana mwenye bidii, na alipohamishwa kwenda mkoa mwingine taarifa za tarehe za mashauri yetu ziliendelea kumfuata huko kwa muda wa miezi miwili. Alikuwa akinipigia jioni kwa hisani yake: "Mama, lile shauri la kiwanja linatajwa Alhamisi." Sijui tungefanyaje kama angekuwa mtu wa kinyongo.

Ombi langu ni moja, ingawa lina matawi. Naomba Ofisi yako itambue katika muundo wa kada ya kumbukumbu nafasi ya msaidizi wa kumbukumbu za mashauri, kwa kila taasisi yenye kitengo cha sheria, na majukumu yake yaandikwe, likiwemo la kutunza rejista ya siku za ukomo itakayosainiwa kila wiki na mkuu wa kitengo. Atakayeshika nafasi hiyo apewe mafunzo ya pamoja ya masjala na mwenendo wa mashauri. Wiki chache zingetosha kwa kuanzia, na vyuo nilivyovitaja vina walimu. Asihamishwe kabla ya kukabidhi rejista kwa maandishi kwa mtu anayejua kuisoma. Na akaunti za mifumo ya mahakama ziwe za ofisi, zisiwe za mtu.

Najua jibu litakaloletwa mezani kwako: kwamba kuhesabu siku ni wajibu wa ofisa sheria, na kwamba kumpa karani wajibu huo ni kumtwika mzigo usio wake. Kisheria ni kweli. Wakili ndiye atakayesimama mbele ya Jaji. Ila ofisa sheria mwenye mashauri sitini, ambaye Jumatatu yuko Moshi na Jumatano yuko Mbeya, huhesabu siku za jalada lililo mbele yake tu. Jalada ambalo halijamfikia halihesabu, na anayejua kwamba lipo ni mtu wa masjala. Mzigo huu tumekwishaubeba. Kilichokosekana ni mafunzo na maandishi yanayouonyesha, isipokuwa siku unapodondoka, ambapo barua ya kujieleza hupata jina la mhusika bila shida.

Juu ya mshahara sitasema mengi. Wapo wanaostahili zaidi yangu wa kulizungumzia hilo, na sitaki barua hii isomwe kama madai ya mstaafu.

Siku yangu ya mwisho kazini niliandaa hati ya makabidhiano. Niliorodhesha funguo tatu za kabati, mihuri miwili, kiti kimoja cha magurudumu ambacho gurudumu lake moja halipo, na kaunta buku la kwaya nne lenye mashauri 41 yaliyo hai na tarehe zake. Sehemu ya "Aliyepokea" ilikaa wazi hadi saa tisa na nusu, kwa kuwa mrithi wangu hakuwa amepangwa na mkuu wa kitengo alikuwa safarini. Mwishowe alisaini mhudumu wa ofisi, binti mwenye adabu, baada ya kuvihesabu vyote kimoja kimoja. Alipofika kwenye kaunta buku aliniuliza aliweke wapi. Nilimwonyesha ukurasa ambao rufani yake ilikuwa na siku kumi na moja zimebaki, nikamwomba asilifungie mtoto wa meza, aliache juu ya meza likiwa wazi mahali pale.

Wako mtiifu,

Msaidizi wa Kumbukumbu mstaafu,
Dodoma.

Nakala: Wakili Mkuu wa Serikali;
Mkurugenzi, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.