Kuhusu udi wa babu, mama naomba unisikilize mpaka mwisho

Assalaam alaykum mama, shkamoo. Na nyote hapo nyumbani, kaka, wifi na watoto, salaam nyingi sana. Mie mzima alhamdulillah, baridi ndo inaanza kukaza huku Toronto lakini kazi inaenda na afya ipo. Kaka nakuomba umsomee mama barua hii yote, polepole, usirukeruke, manake siku ile kwenye simu tulipozungumza udi, kile chombo cha nyuzi cha babu, kaka akitaka uuzwe na mama akitaka usitoke nje ya nyumba, kila mtu alikua anaongea lake na network ikakata pale pale mama alipoanza kulia, na mie sipendi jambo la babu limalizike namna ile.

Nianze na msimamo wangu msije mkaanza kuutafuta. Udi siuuzi. Na pia sitaki uendelee kukaa hapa kwangu. Nataka turidhiane uje Unguja, upewe mtu anaejifunza aupige kila siku, hata kama mtu huyo si wa nyumba yetu.

Najua mama hapo mwisho ndo pazito. Wewe ulisema udi wa babu usitoke nje ya nyumba, na mie neno hilo nimelala nalo na kuamka nalo. Lakini mama udi ushatoka siku nyingi, uko huku kwenye ghorofa ya kumi na moja, ndani ya boksi, na boksi liko chini ya kitanda kwasababu ndo pahala pekee hita haipigi moja kwa moja. Babu alikua akimaliza kusali alasiri anautoa anaukaza nyuzi hata kama hapigi kitu. Sasa hivi hakuna anaeupiga. Mie kama unavyojua nilifundishwa kukaza nyuzi tu na kumshikia babu risha, ile ya kupigia nyuzi, kupiga alikua anafundishwa kaka, na kaka maisha yakamchukua, sina lawama na hilo, mtu akishapata watoto wanne na duka hana usiku wa kukaa na udi.

Naomba nikuelezeni hali yake ilivyo kwa sababu kaka wewe unaongea kama vile ni kitu kimekaa tu benki kinaongezeka thamani. Siyo hivyo. Nimeupeleka kwa fundi wa vyombo vya nyuzi huku, kaufungua mbele yangu, kaingiza kioo kidogo na taa pale kwenye shamsa, lile tundu la mapambo usoni, akanionesha ndani. Kuna kikaratasi cha fundi alieutengeneza, herufi za Kiarabu, kinasoma Al-Qahira, Sharia Muhammad Ali, yaani ule mtaa wa Cairo uliokua maarufu kwa mafundi wa vyombo vya muziki, jina limefifia na mwaka umeliwa na wadudu. Yale aliyokua akitwambia babu kwamba uliletwa kutoka Misri na baharia ni kweli tupu. Halafu kanionesha ufa. Umeanzia kwenye daraja, pale nyuzi zinapofungwa, unapanda na ule mstari wa mbao mpaka karibu na shamsa, na daraja lenyewe kwa upande mmoja limenyanyuka, unaweza kupitisha kucha.

Sababu ni hewa. Anasema chombo kama hiki kinataka unyevu wa hewa asilimia 40 mpaka 60, na mie nina kile kipimo kidogo nimekiweka ndani ya boksi, ikifika Januari hita zinawaka usiku na mchana kinasoma 20. Huko kwetu mara nyingi kinasoma zaidi ya 70. Kwahiyo mbao iliyozoea hewa ya Unguja miaka yote ile imekuja huku ikakauka, ikasinyaa, na uso wa udi ni mbao nyembamba sana, haufiki hata milimita mbili, hauna pa kukimbilia ila kupasuka. Jahazi likipandishwa pwani likaachwa juani bila kurudishwa majini mnajua linavyofanya, mbao zinakauka viungo vinaachia, basi ndo hivyo hivyo. Nimelegeza nyuzi zote kama alivyoniagiza, nimeweka na vile vifuko vya unyevu, ufa umezibwa na daraja limegandishwa upya kwa gundi ya asili ile ile ya zamani, imegharimu karibu dola 400 za Kanada na sijutii hata senti. Lakini amesema wazi kwamba anaweza kuuziba leo na mwakani ukapasuka pengine.

Kwa fundi huyo huyo ndo nikakutana na mzee wa Kiiraki. Kaka huyu ndo yule mnunuzi niliekwambia, na wewe ukashika pale kwenye dola 1,500 ukaacha mengine. Ngoja nikusimulie vizuri. Ni mpigaji hasa, ana umri kama wa marehemu baba. Aliuomba aushike, akaukaza nyuzi kwa sikio, hakutumia kifaa chochote, na alipofika kwenye ule uzi wa tatu akasimama akanitazama. Kumbe ni mshipi wa kuvulia. Mama unakumbuka zile siku nyuzi zilikua hazipatikani na babu anakwenda kuchagua mshipi pale kwa wauza nyavu, anauvuta mbele ya sikio kujua unene? Umo mpaka leo. Yule mzee akacheka kwa furaha akasema na kwao Baghdad wakati wa vikwazo walikua wanafanya hivyo hivyo. Akapiga taksimu, yaani kupiga peke yake kwa kubuni pale pale, kwa mahadhi ya bayati, halafu akahamia mahadhi ya hijaz, na mie nikasikia ile sauti nzito ya chini ambayo nilidhani nimeisahau. Sijui niseme nini mama. Nililia pale dukani mbele ya watu.

Kwahiyo msidhani nimemkataa kwa wepesi. Ni mtu anaejua kuutunza, angeupiga, na hela ni nyingi. Siku mbili tatu nilikua nishakubali moyoni. Kilichonirudisha ni kwamba yeye anazo udi tatu nyumbani, kanambia mwenyewe, na huku akitaka ya nne anaagiza Istanbul au Cairo inamfikia mlangoni. Huu wa babu kwake ungekua mzuri mmoja kati ya wazuri. Unguja udi mmoja mzima ni kitu chengine kabisa. Mnajua wenyewe mtoto akitaka kujifunza udi huko anaanzia wapi, duka la kununua udi hakuna, anasubiri mpaka mtu asafiri, na akipata basi ni ule wa mapambo wa kitalii ambao vigingi haviwezi hata kushika nyuzi.

Na ni Unguja mama! Hii ndo sehemu inayoniuma zaidi. Inasimuliwa Sultani Barghash aliletewa muziki wa Misri mpaka nyumbani kwake na akampeleka mtu Cairo akajifunze kanuni, kile chombo cha nyuzi kinachopigwa kimelazwa, Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab, ipo tangu 1905, Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, alikwenda Bombay 1928 kurekodi kwa Kiswahili chetu na udi ulikuwamo kwenye kundi lake. Babu alikua akitwambia haya kila siku kama vile yametokea mtaani jana. Siku hizi ukienda kwenye harusi ni kinanda cha umeme na spika, sisemi ni vibaya, watu wanafurahi na mie nimecheza sana, lakini bashraf, ule muziki wa vyombo bila kuimba, ya udi na kanuni na fidla wangapi bado wanaweza? Wanaoweza wanahitaji warithi, na warithi wanahitaji vyombo.

Sasa kaka, suala la haki. Ulisema udi ni mirathi kwahiyo wote tuna fungu letu na ndo maana uuzwe igawanywe. Nakuomba usinichukulie vibaya ila hapo sikubaliani na wewe. Babu aliniita akiwa hai na akili zake timamu, akanikabidhi mkononi mbele ya mama na marehemu shangazi, na mie nikauchukua siku ile ile nikaondoka nao. Hiyo ni hiba, yaani zawadi ya mtu akiwa hai, na imeshapokelewa, haimo kwenye tereka, mali aliyoiacha marehemu ya kugawanywa. Muulize sheikh yeyote unaemuamini, na akinambia nimekosea nitakubali bila neno. Lakini hata kama ni wangu peke yangu sitaki kuamua peke yangu, ndo maana naandika.

Na paa. Najua hasa kinachokusukuma ni paa la nyumba ya Mwembetanga na masika yanakuja. Hilo tusilifunge pamoja na udi. Nitumie makisio ya mabati na mbao na fundi, mie nitatoa nusu kwa mafungu, la kwanza mwisho wa mwezi huu, na dada wa Muscat kanambia nae atatia mkono. Paa litaezekwa inshaallah. Tusimbebeshe babu gharama ya mabati.

Ami nae ana rai yake kuhusu vyombo vya muziki na naiheshimu, sitabishana nae kwenye barua. Nnachomuomba ni kimoja tu, asiuingize mzozo huo kwa mama sasa hivi.

Haya, ninavyofikiria iwe. Kaka naomba uende pale Dhow Countries Music Academy, ile academy ya muziki iliyoanza 2002, ukaulize kama wanapokea chombo kwa njia ya amana. Yaani tunawaazima, hatugawi moja kwa moja, na kila mwaka mtu wa familia akauangalie. Kama wao haiwezekani nenda kwa wazee wa Ikhwani Safaa, wanamjua babu, hata wakikunywesha kahawa mpaka magharibi vumilia tu, utapata jibu la maana. Mimi nina masharti kidogo na naomba uyaandike kwenye karatasi. Usitundikwe ukutani wala kuwekwa kwenye kabati la kioo kwa wageni kupiga picha. Apewe mwanafunzi mmoja anaejulikana kwa jina, awe mvulana au msichana, mie ningependa sana msichana. Ule mshipi wasiutupe, wakitia nyuzi mpya waurudishe kwa mama. Na wasiupake vanishi! Pale chini ya nyuzi ambapo rangi imelika kwa kidole kidogo cha babu, pabaki palivyo, fundi wa huku mwenyewe alisema vanishi mpya inazima sauti.

Mwanafunzi huyo akishaweza nyimbo moja nzima, aje nyumbani akae barazani ampigie mama. Hilo nalo liandike, si ombi, ni sharti.

Mama, nataka na wewe nikwambie jambo ambalo kwenye simu lilinishinda. Wewe unaogopa udi ukenda kwa watu jina la babu litapotea. Mie naona linapotea hapa. Huku hakuna hata mtu mmoja anaejua ule udi ni wa nani, nikifa leo wanangu watauona ni boksi zito tu la mama yao, watauweka kwenye tangazo la kuuza na kitanda na meza. Pale Unguja mtoto akikaa nao mwalimu atamwambia huu ulikua wa fulani, alikua akipiga hivi na hivi, na wazee wataongeza yao. Babu mwenyewe wanafunzi wake wangapi walikua wa ukoo wetu? Kaka tu. Waliobaki wote walikua watoto wa watu, na alikua anawapa chai na mkate.

Kuhusu safari nimeshafuatilia. Nitaubeba mwenyewe ndani ya ndege, siuweki kwenye mizigo, kule chini ni baridi na watu wanarusha mabegi. Nimeongea na shirika, ikibidi nitalipia kiti cha pili. Mbavu zake fundi anasema ni rosewood ya India, ukoo mmoja na mpingo wetu, na miti hiyo ilikua na vibali vigumu vya kuvuka mipaka tangu 2017 lakini vyombo vya muziki vilivyokamilika vimeachiwa tangu mwisho wa 2019, kwahiyo upande huo sina wasiwasi, nitabeba tu ile karatasi ya fundi. Nataka kuja mwezi wa saba hewa ikiwa nzuri, nikae nao wiki mbili nyumbani kwanza uzoee tena ndo tuupeleke.

Tiketi sijakata. Nasubiri neno lako mama. Ukisema hapana nitaheshimu, utabaki kwangu nitaendelea kuutunza kwa uwezo wangu wote, ila usiniambie hapana kwa kupitia kaka, niambie mwenyewe, nipigie Ijumaa baada ya isha kwenu, siku hiyo sina zamu niko nyumbani mchana kutwa. Na kaka usisahau makisio ya mabati, piga na picha ile sehemu inayovuja juu ya chumba cha mama.

Wasalaam, binti yenu,
Toronto