Kabureta ama injeksheni: mbona gari yako ya dragi inakabwa ukiwa Nairobi

Wiki hii tumeletewa gari mbili za kabureta, shida ni ile ile, ikiingia gia ya tatu inakabwa, moshi mweusi unatoka na plagi zimejaa masizi. Wenye gari wote walikuwa washaambiwa wanunue kabureta ingine. Jameni, kabureta haikuwa mbovu!

Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, presha ya hewa iko chini karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa, na kabureta haina njia ya kujua hilo, yenyewe inavuta mafuta vile hewa inapita kooni mwake, sasa hewa ni nyepesi na jeti (katundu kanakopimia mafuta) ni ile ya kiwandani, basi mafuta yanazidi. Petroli kuungua yote inataka hewa kilo 14.7 kwa kilo moja ya mafuta, lakini ukikanyaga yote kwa zile mita 402 za mbio za dragi tunalenga kama 12.5 hadi 13. Moja ya hizi gari ilikuwa inasoma 10.8, yaani mafuta mengi mno. Tunafunga sensa ya lambda (inayopima mchanganyiko wa hewa na mafuta) kwa ekzosi, tunapunguza jeti kuu hatua moja moja, tunakimbiza, tunazima injini hapo hapo kabla haijapunguza mwendo, halafu plagi zinatolewa tuzisome.

Injeksheni ya kompyuta inapima presha na joto la hewa yenyewe, kwa hivyo baridi ya Julai asubuhi ama jua la Februari saa nane mchana inajirekebisha, bora ramani yake (jedwali la mafuta ndani ya kompyuta) iwe imeandikwa vizuri. Kule Marekani daraja la Pro Stock la NHRA (chama cha mbio za dragi) liliacha kabureta 2016, ingawa daraja la Top Fuel mpaka leo ni injeksheni ya kimekanika. Mimi kwa gari ya mashindano ningechagua kompyuta, lakini usije ukisema "funga tu EFI" (hiyo injeksheni ya kompyuta) kabla hatujapima pampu ya mafuta, kwa sababu pampu dhaifu presha inashuka mwisho wa mbio pale injini inataka mafuta zaidi, na pistoni inayeyuka. Injekta nazo (zinazonyunyiza mafuta) zikikaa wazi zaidi ya asilimia 85 ya muda, ni ndogo, tunabadilisha.

Na kama tumekutunia kabureta hapa, tafadhali usiteremke nayo Mombasa uikanyage hivyo hivyo, hewa ya kule ni nzito, mafuta yatapungua na injini itaungua. Jeti zako za zamani tunakurudishia kwa kamfuko, namba zimeandikwa. Ziweke kwa gari.