Barua kwa mdogo wangu, kutoka Papeete

Mdogo wangu,

Asalaam aleikum. Nisalimie mama, mwambie meli imesimama Tahiti kwa matengenezo, mimi mzima.

Shemeji kanidokeza kwamba goti limekataa, vijana wa mtaa wanakutaka uwafundishe soka, nawe umenuna eti ukocha ni wa walioshindwa. Ngoja nikupe habari za Eddy Etaeta, mtu wa huku. Aliichezea Tahiti, akaangika daluga, na mwaka 2010 akakabidhiwa timu ya taifa. Tahiti na visiwa vyote vya Polinesia ya Kifaransa havifiki watu laki tatu. Mombasa pekee inawazidi mara nne. Wachezaji wake walikuwa na kazi zao: kipa Mickaël Roche mwalimu wa michezo, na aliyekula kwa soka ni Marama Vahirua peke yake. Mwaka 2012 wakaenda Honiara, Visiwa vya Solomon, wakaifunga New Caledonia 1-0 kwenye fainali, wakabeba Kombe la Oceania, ambalo kabla yao lilikuwa likizunguka kati ya Australia na New Zealand tu.

Kombe hilo likawapeleka Brazil 2013, Kombe la Mabara. Wakapigwa na Nigeria 6-1, Hispania 10-0, Uruguay 8-0. Cheka, lakini ngoja. Jonathan Tehau alipowafunga Nigeria kwa kichwa, wenzake walijipanga wakapiga makasia hewani. (Mitumbwi yao ni kama ngalawa zetu, ila tengo, ule mti wa pembeni wa kuzuia chombo kisipinduke, liko upande mmoja.) Na Etaeta hakupaki basi, yaani hakuwarundika wote nyuma kulinda goli. Mabeki walipanda juu kutega watu waotee, wakaadhibiwa, wakapanda tena. Mjuzi wa barazani angemwita mpumbavu. Mimi naona aliwaheshimu vijana wake: hakuwavusha bahari yote hiyo waje kujificha golini. Wabrazil waliliona. Pale uwanja wa Maracanã, Torres wa Hispania alipogongesha penalti mwamba, uwanja ulilipuka utadhani Tahiti wamefunga, na Hispania ndio walikuwa mabingwa wa dunia!

Basi wakubalie hao vijana. Hela ya daktari wa goti nitatuma mwisho wa mwezi, usiitie kwenye jezi. Mipira naweza kununua bandari ijayo. Niandikie wako wangapi na wanavaa viatu namba gani, kabla hatujang'oa nanga.

Kaka yako