Malalamiko: programu yenu imeharibu ripoti ya SACCOS na haikuniambia kitu

Habari za kazi ndugu zangu wa huduma kwa wateja,

Mimi ni mteja wenu, napanga vitabu na ripoti hapa Morogoro. Mwezi wa pili nilinunua ile programu yenu ya kuvuta data kutoka Excel na kuipanga kwenye ripoti, nikalipa 180,000 yote kwa mkupuo. Naandika kwa sababu nimeumia sana na sitaki yampate mtu mwingine.

Kazi ilikuwa taarifa ya mwaka ya SACCOS, wanachama 612, kila mmoja na namba yake, jina, hisa, akiba na mkopo. Miaka yote nilikuwa nakopi na kupesti kwa mkono, mhazini akibadilisha tarakimu saa nne usiku naanza upya, ndo maana nikaja kwenu. Tangazo lenu linasema weka faili la CSV (lile la maandishi tu, ambalo safu zinatenganishwa na koma), bonyeza mara moja, jedwali limekaa. Na kweli lilikaa, kurasa 19 zimenyooka, nikakagua zile za mwanzo nikaona safi nikapeleka kiwanda cha uchapaji nakala 300.

Siku ya mkutano mkuu mama mmoja anayeuza dagaa akanyanyuka, mkono huu kitabu chake cha akiba, mkono huu ripoti, akaja mpaka mezani akaweka kidole kwenye mstari wake. Kitabu chake kinasema hisa 200,000, akiba 1,250,000, mkopo 800,000. Ripoti inasema hisa 200, akiba 000, mkopo 1. Halafu mstari wa chini, pale panapotakiwa kuanza namba na jina la mtu, pamekaa 250, 000, 800, 000 hazina mwenyewe. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hela yangu imeenda wapi?" Sikuwa na jibu, na mhazini, ambaye hajawahi kula shilingi ya mtu, akaanza kuulizwa maswali ya wizi mbele ya ukumbi mzima.

Usiku nikakaa na lile faili. Wanachama 11 wa mwisho hela zao ziliingizwa na koma, kwa hiyo Excel ikazifungia ndani ya alama za kunukuu kama inavyotakiwa, hiyo iko kwenye RFC 4180, waraka wa kanuni za CSV, tangu 2005, koma iliyo ndani ya alama hizo haikati safu. Programu yenu imezipuuza, imekata kila koma iliyokutana nayo. Nikajaribu na mengine, jina la kikundi lenye alama ya & likapasuka safu mbili, na nilipoandika 12% kila kilichofuata kwenye ule mstari kikamezwa, maana nyuma ya programu yenu kuna LaTeX, mfumo wa kupanga kurasa, na LaTeX ikikuta % inachukulia yanayofuata ni maelezo ya mwandishi, haiyachapi. Hizo alama zinatangulizwa mkwaju wa nyuma (\), ni somo la wiki ya kwanza jamani.

Ila hayo ningesamehe, programu zote zina kasoro. Kinachoniuma ni kwamba LaTeX ilipiga kelele. Nimelifungua faili la logi, yaani kumbukumbu ya yaliyotokea wakati wa kazi, mmelificha kwenye folda ya muda, makosa 11 yameandikwa wazi na namba za mistari, kwamba safu zimezidi. Nyie mkaiamuru isisimame ikikuta kosa, logi mkaifukia, mimi mkaniwekea tiki ya kijani na neno "Imekamilika"! Ingesimama tu ikasema mstari wa 602 una shida, ningerekebisha kwa dakika tano.

Nimewaandikia mara mbili, mkanijibu nisafishe data kwanza. Sasa nikishapitia mistari 612 kwa macho, mashine yenu nimeinunulia nini?

Naomba mnirudishie 180,000 yangu na mlipie kuchapa upya, 420,000, risiti nimeambatanisha pamoja na faili la CSV na ile logi. Na wateja waliobaki muwatumie taarifa leo, wapo wanaopanga mishahara na matokeo ya mitihani kwa hiyo hiyo programu. Kwenye toleo lijalo ikikuta kosa isimame, na chini ya kila safu iweke jumla iliyosomwa kwenye shiti na jumla iliyochapwa, mtu azilinganishe kabla hajaenda kiwandani.

Nasubiri jibu la mtu, sio la mashine, ndani ya siku 14. Yule mama nimeshamwandikia ukurasa wake upya nikampelekea mwenyewe sokoni.

Mteja wenu, Morogoro