Bamvua halikuja ghafla

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja, lakini ile habari yenu ya maji kuingia kwenye vibanda vya ufukweni hapa Bagamoyo siwezi kuinyamazia. Mwandishi wako anasema maji yalikuja ghafla, kisha anamalizia kwamba wavuvi wanaamini ni kazi ya mwezi. Ghafla kwa nani? Ilikuwa Machi, mwezi ulipevuka juzi yake, na huku Mlingotini hata watoto walijua bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa kupita kawaida, linakuja, tena kubwa.

Hiyo si imani. Mwezi unaivuta bahari, na jua nalo linaivuta, ingawa kwa umbali wake nguvu ya jua hapa haifiki nusu ya ile ya mwezi. Mwezi ukiandama au ukipevuka, jua, dunia na mwezi hukaa karibu mstari mmoja, nguvu zikaungana, maji yakajaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, kila kimoja kinavuta upande wake, maji hayajai sana wala hayapwi sana, na hayo ndiyo maji mafu. Machi na Septemba, jua linapopita juu ya ikweta, bamvua huzidi. Hata wataalamu wenye saa za atomiki wameongeza sekunde 27 kwenye saa rasmi ya dunia kati ya mwaka 1972 na 2016, kwa sababu dunia haizunguki sawasawa na saa zao, na huku kujaa na kupwa ni moja ya mambo yanayoipunguzia dunia kasi karne hadi karne. Nao mtaandika kwamba wanaamini?

Ujinga huu una gharama, na sisi wakulima wa mwani ndio tunaoilipa. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, maana dunia ikimaliza mzunguko wake mwezi umeshasogea mbele. Kwa hiyo saa ya kupwa inahama, lakini bamvua likirudi, nayo inarudi palepale: pwani yetu hii maji ya bamvua hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Hizo ndizo siku zetu za kufunga kamba na kuvuna. Sasa ofisi moja ikatuitia semina saa nne asubuhi, katikati ya bamvua, na kutangaza kwamba asiyefika hataandikwa kwenye mgao wa kamba na taitai, zile kamba nyembamba za kufungia mwani. Mwani wangu ulikuwa umekomaa. Nikauacha, nikaenda kukaa kwenye benchi. Mgeni rasmi alifika saa sita, maji yameshaanza kujaa, akatufundisha namna ya kuongeza mavuno! Siku zilizofuata upepo wa kusi ulivuma kwa nguvu, mwani ukakatika na kuchukuliwa na maji, na kilichobaki kikangoja bamvua la pili. Wenzangu waliochagua kwenda shambani walivuna, ila majina yao hayakuandikwa. Wamama wazima wanalazimishwa kuchagua kati ya mavuno na kamba kwa sababu mtu hakutazama juu usiku!

Na tangazo lenyewe liliandikwa 10:00 tu, bila neno asubuhi. Wazee wawili wakafika saa kumi jioni, wakakuta mlango umefungwa. Huku kwetu saa tunahesabu tangu jua linapochomoza, na hesabu hiyo inatufaa mwaka mzima, kwani tofauti ya mchana mrefu na mfupi haifiki saa moja. Kama ni saa nne asubuhi, andikeni saa nne asubuhi. Tiketi za mabasi nazo zina ugonjwa huohuo.

Mhariri, mwezi mnaukumbuka Ramadhani na Idi zikikaribia, kisha mnausahau. Naomba kila siku, pale mnapoandika hali ya hewa, muongeze mwezi una siku ngapi na saa za kujaa na kupwa kwa Tanga, Pangani na Bagamoyo. Mistari mitatu inatosha. Na ofisi zote zenye mikutano na watu wa pwani ziiweke siku ya nane, ya tisa, ya 22 au ya 23 ya mwezi, kwa hesabu ya mwandamo. Siku hizo saa nne asubuhi maji yamejaa, hakuna mwenye kazi shambani, na sisi tutafika kabla ya mgeni rasmi.

Mkulima wa mwani,
Mlingotini, Bagamoyo