Muulizeni mwenye mnara habari za nyaya kabla ya mionzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu minara na antena za redio ya ridhaa, yaani redio zinazoendeshwa na watu wenye leseni kwa ajili ya kujifunza, kufanya majaribio na kuwasiliana wao kwa wao pasipo biashara. Mimi ni mmoja wao. Kila mnara wa aina hii unaposimamishwa karibu na makazi, malalamiko yanayofika kwa viongozi na katika kurasa za barua kama hizi huwa ni yaleyale: watu wanaogopa mionzi. Hofu hiyo siidharau, lakini naona imewasahaulisha majirani swali lenye uzito zaidi, na imewapa baadhi ya wenzangu kichaka cha kujifichia. Swali lenyewe ni hili: nani hukagua mnara huu, hukagua nini, na mara ya mwisho ilikuwa lini?

Nianze na mionzi, nisije nikaambiwa nimeikwepa. Mawimbi ya redio hayana nishati ya kung'oa elektroni kwenye atomi za mwili kama yale ya eksirei. Athari yake kuu katika masafa haya ni kupasha mwili joto, na viwango vya ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, vilivyohuishwa mwaka 2020, vimezingatia hilo. Kwa masafa ya megahezi 30 hadi 400, mtu wa kawaida hatakiwi kupokea zaidi ya wati 2 kwa kila mita ya mraba, kwa wastani wa mwili mzima. Mtambo wa wati 100 uliounganishwa na antena ya kawaida ya nusu wimbi, yaani yenye urefu wa nusu ya wimbi inalorusha, kwa mtu aliye umbali wa mita 10, hutoa takriban wati 0.13 kwa mita ya mraba. Hata ukizidisha mara nne ili kuingiza mawimbi yanayorudishwa na ardhi, utafika karibu robo tu ya kiwango hicho. Anayerusha kilowati nzima kupitia antena iliyofungwa chini ana hesabu nyingine kabisa, na ni wajibu wake kuifanya na kumwonyesha anayeuliza. Ila niseme hapa, kwa kuwa nimeliona likitokea: jirani anayeshinikiza mnara ufupishwe ili apunguziwe mionzi huwa, bila kujua, anaomba antena isogezwe karibu na dirisha lake.

Sasa nije kwenye upepo, ambao hauna mjadala. Nguvu ya upepo haiongezeki sambamba na kasi yake bali kwa mraba wa kasi hiyo. Upepo wa kilomita 72 kwa saa husukuma mita moja ya mraba kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 25 hivi. Kasi ikifika kilomita 144 kwa saa, nguvu hiyo inakuwa ya kilo 100. Antena kubwa za kuelekeza mawimbi upande mmoja, za aina ya Yagi ambazo chimbuko lake ni kazi ya Wajapani Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi katika miaka ya 1920, hukaa kileleni kabisa, mahali ambapo kila kilo ya msukumo huutesa mnara kuliko popote pengine. Watengenezaji wa minara hutaja eneo la antena ambalo mnara unaweza kulibeba katika kasi fulani ya upepo, na siku ya kusimamisha wengi wetu huliheshimu. Tatizo huja baadaye, mwenye mnara anapoongeza antena ya pili, kisha ya tatu, kisha kamera, na hakuna anayerudia hesabu.

Hata waliotutangulia hawakusalimika. Mwaka 1901, Guglielmo Marconi, mmoja wa waanzilishi wa redio, alijenga huko Poldhu, Uingereza, duara la milingoti 20 yenye urefu wa mita 60 hivi, ambayo vilele vyake vilifungwa kimoja kwa kingine. Dhoruba ya mwezi Septemba iliiangusha yote. Miezi miwili baadaye duara lake jingine, huko Cape Cod nchini Marekani, nalo likaanguka. Alipopokea ishara zake za kwanza kuvuka Atlantiki mwezi Desemba mwaka huohuo, huko Newfoundland, alitumia waya ulioinuliwa na tiara. Sidai kwamba tiara ni bora kuliko mnara, lakini wale wanaoamini kwamba mnara mkubwa ndio unaomfanya mtu kuwa mwendesha redio wangefaa kuikumbuka habari hiyo.

Mnara mwembamba wa kawaida hausimami kwa msingi wake. Husimama kwa nyaya zinazoushikilia. Nyaya hizo huvutwa pande tatu zilizoachana kwa nyuzi 120, na kwa kawaida hutiwa nanga ardhini katika umbali wa karibu asilimia 80 ya urefu wa mnara. Hukazwa kwa kiasi cha asilimia 10 ya nguvu inayoweza kuukata waya: zikilegea kupita hapo mnara hucheza na kujichosha kwenye viungo, na zikikazwa mno huusukuma mnara chini kwa mzigo ambao msingi na miguu yake havikukusudiwa kuubeba. Skrubu za kukazia nyaya hujifungua zenyewe kwa mtikisiko wa upepo, kwa hiyo ni lazima kipande cha waya kipitishwe ndani yake na kufungwa ili zisizunguke. Kisha zipo klempu zinazobana mwisho wa waya uliokunjwa. Upande wenye kitako unatakiwa ukae juu ya waya unaobeba mzigo, na ule mkono uliopinda ukae juu ya ncha iliyokatwa. Mara nyingi hufungwa kinyume, zikaubonda ule waya ambao ndio uhai wa mnara wote. Mtu aliyesimama chini anaweza kuliona kosa hili kwa dakika moja, bila kupanda popote, akijua tu cha kutazama.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji vifaa vya gharama. Pitisha kitambaa kikavu juu ya waya, kuanzia kwenye nanga hadi mkono unapofikia: kikinasa, uzi mmoja umekatika, na waya huo umeanza safari ya kukatika wote. Fukua udongo kuzunguka chuma cha nanga, kwa sababu kutu hula zaidi pale chuma kinapoingia ardhini na chini yake kidogo, mahali ambapo jicho halifiki. Nimeona chuma cha nanga kilichokuwa kinang'aa juu ya ardhi, kumbe chini ya udongo kimebaki unene wa penseli. Chunguza miguu ya mnara kama ni ya bomba. Bomba hizo zina matundu ya kutolea maji chini kabisa, na fundi asiyejua huyaziba kwa zege siku ya kumwaga msingi, maji yakabaki ndani yakila chuma kutoka upande usioonekana kwa miaka. Gongagonga kwa nyundo ndogo na usikilize: sehemu iliyooza hujibu kwa sauti butu, isiyolia.

Na inapobainika kwamba waya umechoka, kazi ya kuubadilisha ni hatari kuliko ile ya kuufunga mara ya kwanza. Mnara uliokuwa mrefu kuliko kitu kingine chochote kilichojengwa duniani, ule wa redio wa Konstantynów nchini Polandi uliokuwa na mita 646, ulianguka tarehe 8 Agosti 1991 wakati mafundi wakiwa katika kubadilisha nyaya zake. Wale walikuwa wataalamu. Kwetu sisi wa ridhaa, kanuni ni kuchagua siku isiyo na upepo, kufunga kwanza waya wa muda wenye nguvu kamili, na kutolegeza kamwe waya wa pili kabla ule wa kwanza haujakazwa na kukaguliwa.

Kuhusu umeme, nitakuwa mfupi. Nyaya za umeme zimeua waendesha redio waliokuwa wakisimamisha au kushusha milingoti, na kinga yake inajulikana: chukua urefu wote wa mnara pamoja na antena yake, ongeza angalau mita 3, na usijenge ndani ya umbali huo kutoka kwenye laini yoyote ya umeme. Hakuna hali inayoruhusu kupitisha waya wa antena juu ya laini ya umeme au chini yake, hata kama ni laini ndogo ya kuingia nyumbani.

Radi nayo ina kosa lake la kawaida, ambalo ni kuupa mnara ethi yake, yaani fimbo ya chuma ya kupeleka umeme ardhini, na nyumba ethi yake bila kuziunganisha. Radi ikipiga, fimbo hizo mbili huwa na tofauti kubwa ya volti, na umeme huitafuta njia kati yake kupitia vyombo vya ndani. Fimbo zote ziunganishwe kwa waya mnene usiokunjwa kwa kona kali, na kebo zote za antena zitiwe ethi mahali pamoja kabla ya kuingia ndani. Shaba isigusane moja kwa moja na chuma kilichopakwa zinki, kwa maana unyevunyevu ukiingia kati yake zinki huliwa kwanza, kisha chuma.

Kupanda ni kazi ya mtu aliyevaa mkanda wa usalama wa mwili mzima wenye kamba mbili, ili wakati anapoihamisha moja, ya pili iwe bado imefungwa. Mtambo uzimwe na swichi yake ifungwe, asiwepo mtu anayesimama chini ya anayepanda, na mnara ambao sehemu zake huingiana na kuinuliwa kwa winchi ushushwe kabisa kabla mtu hajaukanyaga, kwa kuwa kebo yake ikikatika sehemu za mnara huteleza na kukata chochote kilichopo kati yake. Desturi ya kumtafuta kijana jasiri wa jirani apande kwa ujira mdogo na kamba ya katani kiunoni ni aibu yetu, na sioni kwa nini vyama vyetu vinaikalia kimya.

Yapo pia matunzo ambayo kuyapuuza hakuui mtu ila humdanganya mwenye redio. Kebo ya antena inayoingiwa na maji kwenye konekta hupoteza nguvu nyingi njiani, na kwa kuwa mawimbi yanayorudi kutoka kwenye antena hupotea vilevile, kipimo cha mawimbi yanayorudi huonyesha hali nzuri kuliko ilivyo. Kipimo kikiboreka chenyewe mwaka hadi mwaka bila kuguswa, msishangilie.

Tunapoomba vibali, hoja yetu ya kwanza ni kwamba redio ya ridhaa hufanya kazi wakati mitandao mingine imezimika. Ni hoja ya kweli: baada ya Kimbunga Maria mwaka 2017, Msalaba Mwekundu wa Marekani uliomba waendesha redio wa ridhaa 50 waende Puerto Rico kusaidia mawasiliano. Hata hivyo, mnara uliopuuzwa huanguka katika dhoruba ileile ambayo ilitakiwa tuitumikie jamii baada yake. Tena sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji mnara. Waya wa mita 20 uliokatwa kwa masafa ya megahezi 7, ukifungwa kwenye urefu wa mita tano au saba tu, hurusha mawimbi juu, nayo hurudishwa na tabaka la juu la anga na kutua ndani ya mamia ya kilomita, ambako ndiko msaada unakohitajika; na kwa megahezi 14, mita 10 juu ya ardhi ni nusu wimbi tayari, urefu unaotosha kwa mazungumzo ya mbali. Mtu asiye na muda wala uwezo wa kukagua mnara afunge waya, na hatakuwa amepungukiwa na heshima yoyote.

Ninachopendekeza ni mambo mawili. Kwanza, kila mwenye mnara awe na daftari la ukaguzi wa angalau mara moja kwa mwaka na baada ya kila dhoruba kubwa, lenye tarehe, kilichoonekana na kilichorekebishwa, na jirani aliye ndani ya umbali wa kuangukiwa aruhusiwe kulisoma. Wenzangu watasema huko ni kujitafutia matatizo. Mimi naona daftari litamaliza malalamiko mengi kuliko hotuba yoyote kuhusu mionzi. Pili, fomu ya kuomba kibali itaje nani ataushusha mnara iwapo mwenye mnara atafariki, atahama au ataacha kuhuisha leseni yake. Minara iliyobaki bila mwenyewe ndiyo mibaya kuliko yote, kwa kuwa hakuna anayejua hali ya nanga zake wala kinachoishikilia, na fundi anayeitwa kuishusha hawezi kuipanda kwa kuiamini. Hiyo ya kuachwa miaka mingi ishushwe kwa kreni, bila mtu kupanda, na gharama yake iwe imewekwa kando tangu siku kibali kilipotolewa.

Wako,
Mwendesha redio wa ridhaa mwenye leseni